Nililisoma Kama Lilivyoandikwa

Nimesamehe watu wengi. Nimemsamehe mhadhiri aliyepoteza karatasi yangu ya mtihani, na nimemsamehe binamu aliyeazima viatu vyangu vya ngozi akavirudisha vimepasuka. Mwimbaji wa bendi yetu sijamsamehe, na sioni sababu ya kujifanya kwamba niko njiani kufika huko.

Wakati huo nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwaka mmoja na nusu uliopita. Niliishi na mama katika mtaa wa Noonkopir, Kitengela, katika nyumba ya mawe ambayo ukuta wake wa nyuma haukuwa umepigwa plasta. Sikuwa na kazi. Nilikuwa na digrii, gita la besi la kuazima, na tabia ya kufikiria jambo mpaka linaoza. Mtu akinitumia ujumbe wa simu kuniuliza niko wapi, niliandika jibu kwanza kwenye daftari, nikalisoma kama mtu anayelipokea, nikalibadilisha, na nilipolituma yule mtu alikuwa ameshafika.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinanipa nafasi ya kutofikiri, nacho kilikuwa bendi za roki siku ya Jumamosi. Kando ya barabara ya Namanga palikuwa na hoteli ya nyama choma, na nyuma yake ukumbi wa mabati uliojengwa kwanza kuwa ghala la nyasi kavu za ng'ombe. Mwenyewe alikuwa mzee wa Kimaasai ambaye alikuwa ameuza sehemu ya shamba na kubaki na mbuzi na ile hoteli. Jumamosi kuanzia saa nane mchana mpaka saa kumi na mbili aliwaachia vijana ukumbi wapige muziki wao. Ikifika saa kumi na mbili, alitoa maiki, akaweka televisheni na watu wakaangalia mpira. Muziki wenyewe haukumpendeza, lakini aligundua kwamba mtu anayesikiliza roki anakula taratibu na kuagiza mara mbili.

"Hawa vijana wanalilia nini?" aliniuliza siku ya kwanza. "Kuna mtu amewaibia ng'ombe?"

Bendi zilizokuja zilikuwa za watu ambao hakuna aliyewajua bado. Walikuja vijana wanne kutoka Laiser Hill, wote na fulana nyeusi, wakiletwa kwa gari na mama wa mmoja wao, ambaye aliwasubiri nje akifuma kitambaa cha meza. Walikuja watatu kutoka Namanga, na mwimbaji wao alifanya kazi ya kupitisha mizigo mpakani. Aliimba akiwa bado amevaa tai, akipiga kelele kama anayebishana na ofisa wa forodha aliyekataa kugonga muhuri. Spika zilikoroma. Mabati ya ukumbi yalitetemeka mpaka unayasikia kwenye meno. Upepo wa Kitengela uliingiza vumbi chini ya mlango, na vumbi likapanda kwenye ule mwanga uliopenya kwenye matundu ya misumari, likaonekana kama moshi ambao bendi kubwa hulipia. Nilitoka pale masikio yakivuma na kichwa kikiwa kitupu, na kwa mtu kama mimi kichwa kitupu ni kama likizo.

Kuanzia kutazama mpaka kupiga haikuchukua muda mrefu. Besi nilijifunza kanisani, kwa sababu hakuna mwingine aliyelitaka gita lenye nyuzi nne. Mwimbaji alikuwa wa kanisa letu pia. Baba yake alikuja kutoka sehemu za Kati, akafungua duka la vifaa vya ujenzi, na kijana akakua akiamini kwamba kila kitu mjini kinaweza kubebwa kwa pikapu ya baba yake. Alipiga gita na kuimba. Wa tatu alikuwa mpiga dramu, kijana mnyamavu ambaye sikumbuki akimaliza sentensi. Tukawa bendi.

Vifaa havikuwa vyetu. Dramu, amplifaya ya besi na spika mbili kubwa zilikuwa mali ya kanisa, na zilikaa kwenye stoo nyuma ya madhabahu. Ufunguo alikuwa nao mama yangu, shemasi wa stoo. Mama alikuja Kitengela kutoka Ukambani na baba, na baba alipofariki alibaki na mimi, kanisa na ile stoo, na vyote vitatu alivitunza kwa ukali uleule. Hakuna kitu kilichotoka bila barua, hata kiti kimoja cha plastiki. Barua ilisema nani anachukua, anapeleka wapi, kwa kazi gani na lini, na mama aliiweka kwenye faili ya ofisini.

Barua zetu niliandika mimi, na mwimbaji akazitia sahihi na kumpelekea mama, aliyedhani nawasaidia mwandiko tu. Niliandika kwamba sisi vijana tunaomba vifaa kwa ajili ya mkutano wa injili, Jumamosi saa nane, katika ukumbi ulio nyuma ya hoteli, kando ya barabara ya Namanga. Ili barua isikike kama ya watu waliookoka, nilimalizia hivi: "Tunawakaribisha nyote kwa maombi na ushirika." Kwa utaratibu wa kanisa letu, kila barua inayofika ofisini inaingia kwenye faili ya matangazo ya Jumapili. Hilo halikunitisha, kwa sababu matangazo niliyasoma mimi. Walinipa kazi hiyo nilipohitimu, wakisema msomi hawezi kukaa tu. Nilipofika kwenye barua yetu, niligeuza ukurasa kana kwamba imenata na nyingine. Mara tatu nilifanya hivyo, na mara tatu tulipiga roki kwa dramu za Bwana bila mtu kujua.

Sasa nizungumzie wimbo, maana ugomvi wote ni wa wimbo.

Kila asubuhi niliyokwenda Nairobi kutafuta kazi, mama aliichukua ile bahasha yenye vyeti vyangu, akaiweka juu ya meza ya jikoni, akachovya kidole kwenye mafuta yaliyoombewa na kuipaka kwenye pembe zote nne. Kisha aliniombea kwa sauti, akilitaja jina langu mbele za Mungu kama mtu anayegonga geti la ofisi ambayo imefungwa. Nilisimama pale nikiwa na haraka na hasira na aibu. Siku nyingine sikufika Nairobi. Niliteremka Mlolongo, nikakaa kwenye benchi la muuza chai mpaka mchana, halafu nikarudi na kusema wamesema watanipigia.

Niliandika hayo yote. Yalitoka mchana mmoja bila kufutwa hata mstari, jambo ambalo halijanitokea tena.

*Mama unanipaka mafuta kama bawaba iliyokwama,*
*mlango haufunguki, mama, nyuma ya mlango hakuna mtu.*

Na kiitikio, kilichopigwa kwa nguvu zote:

*Nyamaza, mama, nyamaza,*
*Mungu amechoka na jina langu.*

Ubeti wa pili ulitaja Mlolongo, benchi la chai, na bahasha niliyoitupa kwenye mtaro siku moja ya mvua. Ulikuwa wimbo mkali. Ulipopigwa pale ukumbini, watu waliacha kutafuna. Ndicho kitu pekee nilichowahi kutengeneza ambacho sikutamani kukirekebisha. Na mtu pekee duniani ambaye hakupaswa kuusikia alikuwa mama.

Halafu zikaja habari kwamba mtu mmoja wa Nairobi, anayeandaa matamasha ya roki, angefika Kitengela kusikiliza bendi changa na kuchagua moja ya kupanda kwenye jukwaa lake. Siku kumi kabla ya siku hiyo, mwimbaji alikuja mazoezini na kijana nisiyemjua, mwenye rasta ndefu na gita la besi lake mwenyewe.

"Sista, usichukulie vibaya," mwimbaji aliniambia. "Si wewe. Ni picha, vile tunaonekana. Huyo jamaa anataka bendi inakaa bendi."

"Mimi nakaa nini?"

Aliiangalia sketi yangu. "Unakaa mtu wa kwaya."

Mpiga dramu alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

"Na wimbo?" nikauliza.

"Wimbo uko. Wimbo ni wa bendi."

"Niliuandika mimi."

"Uliandika maneno, manze. Wimbo ni mzigo mzima. Maneno ni kitu mtu yeyote anaweza…" Hakumaliza. Nadhani uso wangu ulimzuia. Lakini nilipokuwa navua mkanda wa gita begani, aliongeza, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi mezani, "Na utatusaidia na ile barua ya stoo, si ndio? Ama niandike mwenyewe?"

"Andika mwenyewe," nikasema.

Kwa siku nne niliwaza. Ningeweza kumwambia mama asitoe vifaa, lakini angeniuliza sababu. Ningeweza kumweleza mchungaji ukweli, lakini barua tatu za uongo zilikuwa na mwandiko wangu. Nilifikiria kulegeza nyuzi, kuficha waya, kumwaga chai ndani ya amplifaya, na kila mara niliona kwamba ningeharibu mali ya kanisa na yeye angepata huruma. Nilijiuliza kwenye daftari: unataka nini hasa? Nikajibu: nataka asiuimbe ule wimbo mbele ya yule mtu. Sikutaka afe wala aanguke. Nilitaka asimame pale, gita mkononi, siku aliyoingojea, bila kile kitu alichoninyang'anya.

Jumapili nilifungua faili ya matangazo, na barua yake ilikuwa ya tatu. Aliiga ya kwangu neno kwa neno na kubadilisha tarehe tu. Hata ile sentensi ya mwisho aliinakili. Nafikiri hakuwahi kujiuliza kwa nini zile barua hazikusomwa kamwe. Mtu akilindwa kwa muda mrefu anaona ni hali ya hewa.

Nilisoma tangazo la kwanza, la harusi. Nikasoma la pili, la kufagia uwanja. Nikanyoosha ile barua, nikaisoma kama ilivyoandikwa. Sikuongeza neno. Nilipofika "tunawakaribisha nyote", nilisimama kidogo, nikanyanyua macho na kuirudia, kama tunavyofundishwa kufanya na mambo ya muhimu.

Mchungaji alisimama amefurahi. Alisema huu ni mwamko. Alisema vijana wamekwenda kuwafuata wenye dhambi palepale wanapokula, na kanisa zima litawaunga mkono. Mikutano ya nyumbani ya Jumamosi ikaahirishwa, kina mama wakaombwa kubeba chai, na kwaya ikaambiwa ije tayari.

Mwimbaji alinikamata nje, karibu na tangi la maji.

"Umefanya nini?"

"Nimesoma matangazo."

"Hizo huwa husomi."

"Huwa sisomi zangu. Hii ilikuwa yako."

Hakuweza kuahirisha, kwa sababu yule mtu wa Nairobi asingerudi. Hakuweza kumwambia mchungaji kwamba si injili, kwa sababu vifaa visingetoka. Nilikuwa nimeyapima hayo yote. "Watakuja kumi," alisema mwishowe. "Watakaa nyuma."

Nyumbani, mama aliimba akipika. Aliniita mwaitu, yaani mama yangu kwa Kikamba, kwa kuwa nimerithi jina la mama yake, na aliniita hivyo akiwa na furaha tu. "Kumbe zile Jumamosi zote ulikuwa unafanya kazi ya Mungu, mwaitu, na huniambii," alisema. Nilikata vitunguu na kuacha macho yatoe machozi, maana yalikuwa na kisingizio. Lakini sikurudi nyuma. Niliwaza: hataweza kuuimba. Nilipitia njia zote ambazo siku ile ingeweza kwenda, moja baada ya nyingine, na katika kila njia ule wimbo haukuimbwa, kwa sababu ningekuwa yeye, mbele ya mama yule, nisingeuimba. Hapo ndipo nilipokosea. Nilimpima kwa kipimo changu.

Jumamosi saa nane kanisa lilifika. Kina mama walikuja na sare zao za kitenge, na chupa za chai zilizofungwa kwa taulo. Walivuta viti vya mbele kabisa wakakaa, mikoba mapajani. Wazee walikaa nyuma yao. Vijana wa fulana nyeusi, waliozoea kusimama pale mbele, walisukumwa taratibu mpaka ukutani, wakabaki wakishika soda zao kama watoto waliotembelewa shuleni.

Mzee mwenye ukumbi alinikuta mlangoni. "Takwenya," alinisalimia kwa Kimaasai.

"Iko," nikaitikia.

"Leo umeniletea kanisa ama bunge?"

"Wamekuja kusikiliza, mzee."

"Wasikilize. Lakini hiyo chai yao iishe haraka, mimi niko na soda ya kuuza."

Mchungaji alikataa kipindi kianze bila maombi. Aliomba kwa muda mrefu, akavitaja vifaa kimoja kimoja. Yule mtu wa Nairobi alikuwa amesimama pembeni na daftari, amevaa koti la ngozi katika joto lile, na sura yake ilikuwa ya mtu aliyeingia kwenye sherehe isiyo yake na kuamua kubaki.

Vijana wa Laiser Hill walitangulia. Hawakujua lolote kuhusu kanisa wala barua, na walipiga kama walivyopiga siku zote. Mwimbaji wao alipoanza kunguruma, mama mmoja wa mstari wa mbele alinyoosha mkono na kuanza kumkemea pepo kwa sauti. Kijana akadhani amependwa, akasogea karibu naye, akanguruma zaidi. Mama naye akapandisha sauti. Walikwenda hivyo mpaka mwisho wa wimbo, wakitoka jasho wote wawili, na nikaona mtu wa Nairobi akiandika kwa haraka.

Kisha ikawa zamu ya bendi yetu. Naendelea kuiita yetu. Yule wa rasta alipowaona kina mama, alirudi nyuma ya pazia na kuvaa fulana yake ndani nje, ili fuvu la kichwa lisionekane. Mwimbaji alishika maiki kwa mikono miwili. Alianza pambio. Pambio la Jumapili, la kupigiwa makofi. Kanisa lilisimama kwa furaha. Akaunganisha la pili. Mpiga dramu alipiga kama anayepiga mlango wa mgonjwa. Mtu wa Nairobi alifunga daftari, akatazama saa, akaenda kuulizia mbavu.

Mimi nilisimama ukutani nikiona haya yote, na nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata ndani ya kanisa. Ilikuwa inafanyika. Kila dakika iliyopita ilikuwa dakika ambayo hauimbi ule wimbo. Nikatabasamu. Sikuwa nimepanga kutabasamu, na ndiyo sehemu pekee ya siku ile niliyoifanya bila kufikiri. Mwimbaji alinyanyua macho, akaniona.

Akawanyamazisha wenzake kwa mkono.

"Bwana asifiwe," akasema.

"Amina," kanisa likajibu.

"Wimbo unaofuata umeandikwa na dada yetu. Yule pale ukutani, mnamjua, ndiye anatusomea matangazo. Aliuandika juu ya mamake. Shemasi, huu ni wako."

Kanisa lilipiga makofi. Tangu tulipoupiga mara ya kwanza nilikuwa nimetamani aseme hivyo kwenye maiki, kwamba niliuandika mimi, na sasa alikuwa amesema, kwa sauti nzuri, bila kupunguza. Mama aligeuka kitini kunitafuta. Aliponipata, uso wake ulikuwa umejaa kiburi kitamu cha mzazi, na alinipungia mkono mdogo, vidole tu, kama mtu anayeogopa kuonekana anajisifu.

Kisha wakaupiga. Waliupiga vizuri, na hilo silisamehe pia. Yule wa rasta alipiga mstari wangu wa besi bila kukosea. Mama aliendelea kutabasamu mpaka kwenye bawaba. Kwenye kiitikio, mwimbaji alimtazama yeye moja kwa moja na kumwimbia anyamaze. Mabati yalitetemeka. Kina mama walitazamana. Mtu wa Nairobi alirudi akiwa na mfupa mkononi, akasimama palepale. Ubeti wa pili ukaingia, na mama akasikia kuhusu Mlolongo, na benchi, na bahasha mtaroni, kutoka kwa mdomo wa kijana ambaye alikuwa amempa dramu asubuhi ile kwa mikono yake.

Niliona mgongo wake. Haukutikisika. Aliweka mkoba juu ya kiti, akasimama, akatembea mpaka mbele. Besi ilinyamaza kwanza, kisha dramu. Gita lilibaki likivuma lenyewe.

"Huu wimbo ni wa nani?" mama aliuliza. Hakuhitaji maiki.

"Nimesema, mama. Ni wa msichana wako."

"Wewe umeutoa wapi?"

"Tulikuwa tunaimba pamoja. Kwa bendi."

"Yeye yuko kwa bendi?"

"Alikuwa."

"Alikupa huu wimbo?"

Mwimbaji alitazama huku na huku. "Mama, si unajua mambo ya muziki…"

"Sijui mambo ya muziki. Najua mambo ya stoo. Nimekuuliza, alikupa ama ulichukua?"

Alianza kukaza uzi wa gita. Ukumbi mzima ulimngojea. Ndipo mpiga dramu, aliyekuwa akitazama magoti yake, akasema, "Alichukua." Ni sentensi pekee ninayokumbuka aliyoimaliza.

"Basi rudisha," mama akasema. "Usiuimbe tena mpaka mwenyewe akupe. Na hizi dramu ni za kanisa. Vijana, fungueni."

Zikafunguliwa. Wanakwaya walikuja na spana, wakatoa matoazi, wakakunja stendi, wakabeba amplifaya ikiwa bado na joto. Yule wa rasta alisogezwa kando kama kabati. Mzee mwenye ukumbi aliuliza, "Mama, hata spika?" na mama akasema hata spika. Mzee akafungua mlango mpana na kuwaambia wateja kwamba leo mpira utaanza mapema. Mwimbaji alibaki jukwaani na gita lisilo na waya. Nilimtazama kwa muda mrefu. Ningependa kuandika kwamba sikufurahi.

Mama alipopita karibu nami, aliniita kwa jina langu la ubatizo. "Tutaongea nyumbani," alisema.

Nyumbani hatukuongea. Jumapili hatukuongea. Jumatatu asubuhi nilimkuta mlangoni amevaa viatu vya kanisani, mkoba begani, bahasha yangu kwapani. "Twende," alisema. Akanipeleka mpaka Nairobi, mpaka ndani ya ofisi, akakaa kwenye viti vya wageni. Alifanya hivyo siku iliyofuata na wiki iliyofuata, kila mahali nilipopeleka vyeti, kwa miezi miwili. Mhudumu mmoja wa mapokezi alimwuliza kwa heshima, "Na wewe mama, tukusaidie na nini?"

"Mimi ni shahidi," mama alijibu.

Hakunigombeza hata mara moja. Alijua kulipa kisasi kuliko mimi. Mwishowe shamba moja la maua lilinipa kazi ya muda ya kupanga rekodi, na mpaka leo naamini meneja alishindwa kumtazama mama usoni na kumrudisha. Siku ile, njiani, aliniuliza swali moja tu: muuza chai wa Mlolongo alikuwa anatumia maziwa ama unga wa maziwa. Nikamwambia unga. "Angalau," akasema, na sikujua alimaanisha nini, na nimelifikiria neno hilo kwa miaka.

Mtu wa Nairobi aliwachukua vijana wa Laiser Hill. Bendi yetu ilipata vifaa vya kuazima Athi River, vilivyochoka, na wakarudi kupiga pale ukumbini. Wimbo wangu hawakuuimba tena. Nilijua, kwa sababu nilikwenda. Kazi yangu iliisha Jumamosi saa saba, na saa nane nilikuwa nimefika. Nilisimama mbele, mikono nimekunja, na sikuyatoa macho usoni pa mwimbaji.

Baada ya Jumamosi ya nne alinifuata nje, penye zizi la mbuzi.

"Nimekuomba msamaha mara mbili," alisema. "Kwa simu na kupitia mpiga dramu. Unataka nini tena?"

"Sema kwenye maiki kwamba ule wimbo niliuandika mimi."

"Nilishasema. Mbele ya kanisa zima. Ulisikia."

"Ulisema ili uniumize. Sema siku ambayo haikusaidii kitu."

Alipangusa jasho kwa mkono wa fulana. Nilimwona akilifikiria kwa dhati. Ndani ukumbini mtu alikuwa akijaribu maiki, moja, mbili, moja, mbili. "Watu hata hawakumbuki huo wimbo," alisema mwishowe, "nitaanzia wapi?" Akarudi ndani.

Pengine alikuwa anasema kweli. Niliwaza hivyo kwa dakika nzima, nikaliona jambo kutoka upande wake, nikaona kwamba lina mantiki. Kisha nikaingia, nikawapita waliosimama, nikaenda mpaka mbele kabisa. Walianza wimbo mpya, wa maneno ambayo mtu yeyote anaweza. Nilimtazama mpaka akakosea.